Umeshaigusa

Kuna neno moja ambalo likitamkwa bandani kwangu Gerezani, najua ugomvi umeanza. Neno lenyewe ni "umeshaigusa". Mwenye gereji humwambia mwenye gari, na hapohapo waranti imekufa. Hakuna anayeuliza nani kaigusa, wala huo mguso umeharibu nini.

Mimi si fundi magari. Nakereza vyuma. Nina lezi moja ya zamani, mashine ya kuchomelea na benchi la mbao, na kwa miaka 22 sasa kazi inayonilisha ni kupasua konveta za gia boksi za otomatiki, kuzisafisha, kuziwekea lainingi mpya na kuzifunga tena. Kwa wasioijua konveta, ichukulie kama sufuria mbili zilizochomelewa mdomo kwa mdomo na kujazwa mafuta. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili mapanga yanayozungusha gia boksi, na hayagusani. Yanasukumana kwa mafuta tu. Ukiweka feni mbili zikatazamana ukawasha moja, ya pili itazunguka kwa upepo wa mwenzake. Basi ndiyo hiyo. Mjerumani Hermann Föttinger aliliwekea hataza wazo hili mwaka 1905, na alikuwa akifikiria meli, wala hakuwa na habari na Subaru za Kinondoni.

Baadaye ndani yake ikaongezwa klachi ndogo. Gari likishashika mwendo, klachi hiyo huzikamatisha pande zote mbili zizunguke pamoja ili petroli isipotee bure. Lainingi yake ikiungua au ikibanduka, gari hutetemeka ukiwa kwenye 50 hadi 80 hivi na mguu umekanyaga kidogo tu, utadhani unapita juu ya rasta za barabarani kumbe lami ni safi. Kanyaga sana, mtetemo unaacha. Ndiyo maana watu hubadilisha plagi kwanza, halafu koili, halafu mounti za injini, wakija kwangu mfuko umeshatoboka.

Sasa, kitu hiki kimechomelewa pande zote. Hakina kifuniko wala bolti ya kufungua uchungulie. Mpaka niikate kwenye lezi, hakuna mtu duniani ajuaye kilichomo ndani: si aliyeuza, si aliyenunua, si aliyefunga. Na bado watu wanaandikiana waranti juu yake.

Mwishoni mwa mwaka jana kijana mmoja, mpenzi wa Subaru kwelikweli, wale wanaokariri namba ya injini na kusahau siku ya kuzaliwa ya mama zao, alinunua gia boksi ya mtumba kwa ajili ya Forester yake yenye tabo. Gereji iliyomuuzia ndiyo iliyofunga. Alilipa milioni moja na laki nne, akapewa risiti yenye maneno matatu: "Waranti miezi mitatu." Wiki ya sita, akitoka Kibaha kurudi mjini, akausikia mtetemo pale Kiluvya. Kwao ni Mbezi, kwa hiyo akampitia fundi wa jirani, ambaye alifungua nati ya sampo, akamwaga mafuta kidogo kuyaangalia, akafunga. Kesho yake kijana akaenda gereji. "Mdogo wangu," akaambiwa, "umeshaigusa."

Wakabishana siku nne. Mwisho wakakubaliana konveta iletwe kwangu, ipasuliwe mbele ya wote. Mwenye gereji aliwahi kufika, akanivuta kando. "Mzee wangu, huyu dogo anakimbizana usiku na wenzake. Ukiona imeungua, sema imeungua." Kijana alipofika akanivuta kando ya pili. "Baba, wewe ndiye tegemeo langu." Kila mmoja alikuwa amekuja na hukumu yake mfukoni, akitaka mimi niigonge muhuri.

Nikaifunga kwenye lezi, nikaanza kuula ule mshono taratibu. Zilipoachana sufuria mbili, harufu ya mkate ulioungua ikajaa bandani. Lainingi ilikuwa nyeusi, nusu yake imebaki, nusu imekuwa vumbi linalong'aa ndani ya mafuta. Mwenye gereji akapiga makofi. "Si nilisema? Mashindano hayo!"

Hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize. Lainingi nyeusi inasema jambo moja tu, kwamba palikuwa na joto. Haisemi nani kalileta. Linaweza kuletwa na vijana wanaokanyaga breki na mafuta kwa pamoja ili gari liruke likiachiwa. Wakati huo nguvu yote ya injini haina pa kwenda, inageuka moto ndani ya konveta, na ndiyo maana vitabu vya watengenezaji vinapoeleza kipimo cha namna hiyo huonya kisizidi sekunde 5. Linaweza kuletwa na fundi aliyetia mafuta ya gia ya aina moja kwa kila gari linaloingia kwake, kama mama lishe anayechota mboga zote kwa upawa mmoja. Au mafuta yalipungua. Au klachi ilikuwa imeshachoka huko Japani kabla gari halijapanda meli.

Tena kuna maji. Hili la maji nalishuhudia zaidi kuliko hata hayo ya mashindano, na ni la hapa kwetu hasa. Magari mengi ya otomatiki hupoza mafuta ya gia kwa bomba linalopita ndani ya rejeta. Watu wanajaza rejeta maji ya kisima, na visima vya Dar vingi vina chumvi. Chumvi inatafuna lile bomba kimyakimya, siku moja linatoboka, maji na mafuta yanachanganyika, na ukichomoa stiki unakuta rangi ya maziwa ya rozi. Gundi inayoshika lainingi haivumilii maji hata kidogo. Inaachia. Nimeshapasua konveta ambayo lainingi yake ilitoka nzima kama ganda la chungwa, haijaungua popote, na mwenye gari alikuwa ameshatukanwa kwamba ni mkorofi wa gia. Yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Gari lake lilikuwa halijawahi kuvuka 80.

Narudi kwa kijana wangu. Kabla sijamjibu mwenye gereji, niliufuta ukingo wa konveta kwa tambara, kwa mazoea tu. Pakatokea tarakimu: 117. Mkono wangu huo. Kila konveta ninayoifunga naigonga namba kwa patasi, na namba hiyo naiandika kwenye daftari. Nikaenda kulichukua. Namba 117, Agosti 2021, imeletwa na gereji ileile, imetoka kwenye Legacy isiyo na tabo.

Kwa hiyo ile gia boksi iliyouzwa kama "iliyoshuka juzi kutoka Japani" ilikuwa imefungiwa konveta iliyokwishakula miaka kadhaa ya foleni za Dar, tena ya gari lenye injini dhaifu zaidi. Mwenye gereji hakunyanyua uso kwa muda. Baadaye akasema vijana wake lazima walichanganya stoo. Inawezekana, maana stoo zetu tunazijua.

Nami sikumwacha kijana aondoke akiwa malaika. Nilimuuliza mbele ya wote, "Tabo umeigusa?" Akasema aliongeza presha kidogo. Kidogo kiasi gani? Akaanza kuhesabu nati za gurudumu. Mpenzi wa magari ana tabia hii na ni vizuri tuiseme: anaongeza nguvu ya injini kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ameshika risiti ya waranti. Wengine hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka gari gereji. Wanamdanganya muuzaji, naye muuzaji kwa kuwa ameshadanganywa sana, anamhukumu kila mteja kwa kosa la yule wa jana.

Hata hivyo hoja yangu iko upande mmoja, na siifichi. Sheria yetu ya Ushahidi inataka anayedai jambo ndiye alithibitishe. Wenye gereji wanaupenda sana msemo huo, humwambia mteja, "Wewe ndiye unayedai, thibitisha." Sawa. Mteja amethibitisha: risiti hii hapa, tarehe hii hapa, gari linatetemeka, panda usikie. Lakini anayesema "umeshaigusa" naye si anadai? Anadai kwamba mguso ule ndio ulioua konveta. Mbona yeye hathibitishi? Fundi wa Mbezi alifungua nati ya sampo. Nati ya sampo na lainingi iliyochomelewa ndani ya chuma vina uhusiano gani? Auoneshe. Akishindwa, alipe.

Si jambo nililoliota mimi juu ya benchi. Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayomkataza mtoa waranti kumfunga mteja kwa spea au fundi wake tu kama masharti ya waranti, labda awe anavitoa bure. Akitaka kukataa dai, inambidi aoneshe kwamba spea ile au kazi ile ya nje ndiyo iliyoharibu. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya huko iliibana hata kampuni kubwa ya pikipiki ya Harley-Davidson kwa sababu ya masharti ya namna hiyo. Sisemi wenzetu wamefika peponi. Wenye magari ya General Motors yenye gia boksi ya gia 8, ya kuanzia 2015 hadi 2019, walilalamikia mtetemo huuhuu ninaouzungumza. Kampuni ilibadilisha aina ya mafuta, kwa kuwa yale ya awali yalikuwa yakinyonya unyevu, lakini wateja walishaenda mahakamani. Mwaka 2023 jaji aliwaruhusu kushtaki kwa pamoja, watu karibu 800,000. Mwaka 2025 majaji wa rufaa wakaitengua ruhusa hiyo. Miaka yote hiyo, na mtetemo ni uleule wa Kiluvya. Tofauti ni kwamba wao wanagombana juu ya karatasi iliyoandikwa ikaeleweka. Sisi tunagombana juu ya maneno matatu.

Mtu ataniambia sheria ipo hata hapa. Ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni ya tangu enzi za ukoloni, na Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikiwa na kazi ya kumlinda mlaji. Lakini nani atapanda daladala kwenda kuifuatilia konveta ya laki tatu, aache biashara siku sita, wakati mafuta yenyewe, ambayo ndiyo shahidi, yalishamwagwa kwenye dumu la oili chafu siku ya kwanza? Ndiyo maana naiomba Tume isisubiri malalamiko. Itoe karatasi moja ya lazima kwa kila anayeuza gia boksi ya mtumba: namba ya gia boksi, alama ya konveta, aina ya mafuta na lita ngapi zimeingia, kilomita za gari siku ya kufunga, na kwa maandishi, ni kitu gani hasa kikiguswa kinaua waranti. Kisichoandikwa hapo kisiue. Na likitokea tatizo, mafuta yamwagwe mbele ya wote wawili, yatiwe kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, ifungwe, kila mmoja aweke sahihi kwenye lebo. Chupa tupu zimejaa mitaroni. Hilo halihitaji mfadhili.

Mafundi wenzangu watanuna. Watasema karatasi itawatisha wateja, au itawafunga wao. Nami nakiri kwamba nilianza kugonga namba kwenye konveta kwa woga wangu mwenyewe tu, baada ya kurudishiwa kazi ambayo haikuwa yangu na kuilipa. Sikuwa nampigania mlaji. Daftari lile lilinunuliwa shilingi mia tano.

Siku ile waliamuliana palepale kwenye benchi langu. Mwenye gereji alirudisha nusu ya fedha na kumwachia kijana gia boksi. Ile nusu nyingine wakaihesabu kuwa ni presha ya tabo. Mimi sikuulizwa kama ni haki, na sijui ningejibu nini. Tangu hapo gereji ile haijaniletea kazi hata moja.

Kijana alirudi mwezi uliopita na konveta nyingine, ya gari lenye tabo safari hii, nikaipasua na kuifunga upya. Nikaigonga namba 263. Nikamwandikia karatasi: lainingi mpya, aina ya mafuta, waranti miezi sita, anaweza kumwaga na kukagua mafuta kwa fundi yeyote amtakaye. Chini yake nikaongeza mstari mmoja, kwamba presha ya tabo ikizidi ya kiwandani, asije. Akaisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole kabisa kama ule mstari wa mwisho unaweza kufutwa.