Kompyuta Haili Kiapo

Mtu anatiwa hatiani kwa picha ya skrini, na wewe unatikisa kichwa: "Si imetoka kwenye simu?"

Imetoka kwenye simu, sawa. Nani aliishika simu hiyo baada ya kukamatwa? Nani aliifungua? Nani ana hakika kwamba tarehe haikuchezewa, kwamba hakuna ujumbe uliofutwa? Hujui. Na hakimu asipouliza, naye hajui.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kufunga mfumo wa hesabu wa kampuni ya Fujitsu uitwao Horizon. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapitisha kufutwa kwa sharti la kuthibitisha kwanza mahakamani kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa. Kompyuta ikapewa heshima ambayo shahidi wa damu na nyama hapewi.

Kompyuta ikasema fedha zimepungua. Wasimamizi wa matawi wakasema hawakuiba. Nani aliaminiwa? Kompyuta! Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa. Wako waliofilisika wakilipa deni lisilokuwepo. Wako waliojiua.

Mfumo ulikuwa na kasoro. Tena watu wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali, msimamizi asijue. Mahakama Kuu ilitamka hivyo Desemba 2019. Miaka 20! Waliokufa watarudishiwa nini?

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, na tume ya uchaguzi ilikuwa imeshindwa kutii amri ya kufungua seva zake. Ikiwa ushindi wa rais ulidaiwa seva, kwa nini kesi ya muuza mitumba isidaiwe maelezo ya simu?

Sheria tunazo. Kenya inataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na mtumaji wake alivyotambuliwa. Haikusema popote: amini tu.

Basi amka! Wakili, dai simu yenyewe, si picha yake. Askari, andika kila mkono ulioigusa. Hakimu, uliza kabla ya kuhukumu. Nawe msomaji, acha kumhukumu jirani kwa kilichosambazwa kwenye WhatsApp. Kompyuta haili kiapo, haihojiwi na haifungwi. Anayefungwa ni wewe.