Willy Gamba arudi kazini, lakini amtumikie nani?

Ndugu zangu, kuna kauli moja nimechoka kuisikia. Kila ikitajwa habari ya mtu mwingine kuendeleza hadithi za Willy Gamba, lazima mmoja akunje uso na kusema: "Mwacheni apumzike na mwenyewe." Mwenyewe ni marehemu Aristablus Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010. Kauli hiyo inasikika kama heshima. Mimi nasema ni uvivu uliovaa kanzu ya heshima, na leo nitaivua hiyo kanzu.

Kwa wadogo zangu ambao hawamjui, Willy Gamba ni mpelelezi wa Tanzania. Alianza kazi katika Kufa na Kupona, riwaya iliyotoka mwaka 1974. Mwaka 1979 ikaja Kikosi cha Kisasi, akatumwa Kinshasa kupambana na mawakala wa Makaburu waliokuwa wanawaua wapigania uhuru. Zikafuata Njama, Hofu, Uchu na nyinginezo. Na Musiba hakuwa anaota ndoto za mchana. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake makuu Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru walikuwa wanapanga nyumba mitaani kwetu na kupanda mabasi yetu, na adui aliyewafuata alikuwa wa kweli. Musiba aliokota kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu, akakifanya hadithi.

Huku kwetu Ihanda, kitabu cha Musiba ukibahatika kukipata kinakuwa kimepita mikono mingi. Jalada hakuna, na kurasa za mwisho zimeliwa na panya au zimefungiwa karanga. Sasa ufanyeje? Unamtafuta aliyekisoma kabla yako akusimulie mwisho. Naye akisahau anaongeza chumvi, anamuua anayetaka kumuua na kumwokoa anayempenda. Kwa hiyo hoja ya kwamba Willy Gamba hawezi kuguswa na mdomo mwingine ilikufa zamani sana. Wasomaji wamekuwa wakimwendeleza miaka yote, tena bure. Tunachobishania ni kama kazi hiyo ifanywe kienyeji au ifanywe na mwandishi aliyekaa chini akaumiza kichwa.

Wenzetu walishamaliza ubishi huu. Ian Fleming, baba yake James Bond, alifariki mwaka 1964. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1968, Kingsley Amis akatoa Colonel Sun kwa jina la bandia la Robert Markham. Humo bosi wa Bond anatekwa nyara, na Bond anamfuata mpaka Ugiriki. John Gardner akashika kalamu mwaka 1981, baada yake Raymond Benson. Mwaka 2008, Fleming angekuwa anatimiza miaka 100, Sebastian Faulks akatoa Devil May Care. Mwaka 2011 kazi akapewa Mmarekani, Jeffery Deaver. Kisha William Boyd, kisha Anthony Horowitz ambaye ameandika vitatu. Vingine ni vizuri, vingine ni vya kawaida kabisa. Lakini nionyesheni kitabu cha Fleming kilichofutika kwa sababu Gardner aliandika kibovu. Hakipo! Cha mwanzo kinabaki rafuni palepale, tena kinapata wasomaji wapya waliokuja kukiulizia.

Na hapo kwa Boyd ndipo ninapoumia. Boyd alizaliwa Accra, Ghana. Riwaya yake ya Bond, Solo, ya mwaka 2013, inampeleka jasusi wa Uingereza kwenye nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi mwaka 1969, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na mafuta yaliyo chini ya ardhi. Ukiisoma unaiona Biafra. Yaani jasusi wa Malkia anafufuliwa na kukatiwa tiketi ya kuja kutatua mambo ya Afrika, wakati jasusi wetu, aliyezaliwa kwa ajili ya mambo ya Afrika, tunaambiwa tumwache alale! Heshima gani hiyo?

Haya, niende kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sisi wa Karagwe tunaijua butura. Mkulima ana shida ya ada au ya hospitali, mjanja mmoja anakuja na noti chache, anainunua kahawa ikingali maua mtini. Ikiiva, mwenye shamba anabaki kuangalia magunia yakipakiwa. Waandishi wengi wa Kiswahili wameuza butura miswada yao. Sitaki warithi wa mwandishi yeyote nao wauziwe butura mhusika wao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu mwenyewe: mali ya Musiba ina wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2060. Anayetaka kumwandika Willy Gamba abishe hodi, aombe, alipe, na jina lake mwenyewe likae kwenye jalada ili msomaji ajue anamsoma nani. Na wale mnaochapa riwaya nzima nzima na kuzimwaga kwenye makundi ya simu huku mkijiita mashabiki, mjue mnavuna shamba la marehemu usiku.

Hata kibali peke yake hakiondoi ugomvi. Stieg Larsson wa Sweden alifariki mwaka 2004 bila wosia halali, mali ikaenda kwa baba yake na kaka yake. Mwenzi wake wa miaka mingi, Eva Gabrielsson, hakupata kitu kisheria. Mwaka 2015 mwandishi mwingine, David Lagercrantz, alipouendeleza mfululizo wake, Gabrielsson alipinga hadharani. Funzo kwa waandishi wetu walio hai ni dogo tu: andikeni wosia, na muutaje mhusika wenu kwa jina kama mnavyotaja shamba la migomba.

Sasa nafika kwenye hoja inayoninyima usingizi. Tuseme kibali kimepatikana na mwandishi ana kipaji. Willy Gamba atapigana na nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Chifu anamwita, anampa kazi, na msomaji haulizi mara mbili, kwa sababu Chifu alikuwa upande wa wanyonge. Serikali na haki vilikuwa vimeshikana mikono, angalau katika jambo lile la ukombozi. Aprili 1994 Makaburu wakaondolewa kwa kura. Mwezi huohuo, ng'ambo ya mto Kagera, mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea Rwanda. Mwisho wa mwezi watu zaidi ya 200,000 wakavuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Karagwe nako zikafunguliwa kambi. Ndani ya kambi hizo aliyekimbia panga na aliyelishika panga walipanga foleni moja ya mahindi. Hapo adui hana ngozi tofauti wala lafudhi ya mbali. Jasusi aliyezoea kumtambua Kaburu kwa sura angefanya nini?

Huo ndio ulimwengu wa mrithi wa Musiba. Na bado sijataja magendo ya kahawa kwenda Uganda, ambayo hayawezi kupita bila mtu wa ofisini kufumba jicho.

Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Novemba 2017 huko Kibiti, na mpaka leo hajaonekana. Sisi tunaofanya kazi aliyokuwa akiifanya hatuwezi kusoma riwaya ya mpelelezi wa serikali kama walivyosoma baba zetu. Tunataka kujua: Willy Gamba akikabidhiwa faili la mtu aliyepotea, atalifungua au atalifungia kabatini? Chifu akimwambia "hilo achana nalo," ataitika "sawa mzee"? Akiitika, huyo siye Willy Gamba, ni tangazo la serikali lenye bastola. Asipoitika, basi tumepata riwaya.

Kwa hiyo nawaambia wanaogombania kiti cha Musiba: kuiga suti, wanawake na magari ya kasi ni rahisi, kila mtu anaweza. Alichokuwa nacho Musiba ni kujua nani anaonewa na kumtuma mtu wake huko. Mwenye jibu la leo la swali hilo na aende akabishe hodi kwa warithi. Asiye nalo aache, asituharibie mshkaji wetu.

Naomba kutoa hoja.