Tunachojenga ndicho kitatusemea

Ndugu na dada, vijana wenzetu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na ninyi muliotoka huku mukaenda kusoma Kindu, Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Kinshasa: leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya barieri. Leo tunaandika juu ya diploma.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa huku, alimaliza masomo ya uinjenia. Aliitwa kwa mazungumzo ya kazi katika kampuni moja ya teknolojia, mjini, mbali na kwao. Familia ikachanga falanga ya safari. Alivaa vizuri, akapanga diploma na barua zote ndani ya farde. Waliomuhoji waliitazama diploma kidogo, wakairudisha mezani. Kisha swali: «Tuonyeshe kitu ulichojenga.» Alikuwa na nota zake. Alikuwa na silabusi alizonunua kila mwaka. Alikuwa na asilimia nzuri. Kitu cha kuonyesha hakikuwepo. Wakamusogezea ordinatere yenye programu ndogo ambayo ilikuwa na kosa, wakamwambia: tafuta kosa, na utueleze unavyofikiri. Hapo akakwama. Si kwamba hana akili, hapana. Lugha ile ya programu aliisoma kwenye ubao, kwa chaki, miaka yote.

Leo anauza mega na kutuma pesa za simu kando ya barabara. Wenzake wengine wako Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, diploma zimefungwa ndani ya sashe nyumbani. Tunaisimulia habari hii kwa ruhusa yake, juu tunajua si yake peke yake.

Tuseme wazi: tuko na hasira kwa leta, na hasira hiyo iko na haki. Lakini tukiishia kwenye hasira, mwaka ujao mwingine tena atakwama mbele ya ordinatere ile ile. Kwa hiyo andiko hili liko na sehemu mbili: yale tunayopaswa kujifunza sisi wenyewe, na yale tunayodai.

Kwanza, kampuni za teknolojia zinatafuta nini?

Tuangalie majirani. Mwaka 2014 kampuni Andela ilianza Lagos, Nigeria, ikafika Nairobi mwaka 2015, kisha Kampala. Ilichukua vijana, ikawafundisha kuandika programu, ikawaunganisha na kampuni za ng'ambo. Wengi waliona mlango umefunguka. Lakini mwezi wa 9 mwaka 2019 Andela ilitangaza kupunguza vijana karibu 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu waliyoitoa: wateja walikuwa wanatafuta mainjenia wenye uzoefu, si wanaoanza.

Fikirieni hapo. Hawa walikuwa Nairobi na Kampala, wenye umeme, intaneti, na walimu wa kuwasimamia. Na bado soko likasema: hamjafanya kazi ya kutosha. Basi kijana wa Nyangwe anayedhani mafunzo ya wiki sita na cheti chenye rangi vitamtosha, anadanganywa. Uzoefu ndio wanaununua. Na uzoefu hauanzi siku ya kupewa kazi. Unaanza siku unapojenga kitu ambacho mtu mwingine anakitumia, kikaharibika, ukarudi kukitengeneza.

Kutokana na hilo tunaona ujuzi ambao mwanafunzi wa uinjenia hawezi kuukwepa.

Kuandika lugha moja ya programu mpaka ikukae mkononi. Moja tu, mfano Python, kuliko kugusa tano na kutomaliza hata moja. Kujua kusoma ujumbe wa kosa pole pole, neno kwa neno, bila kukimbilia kufuta kila kitu.

Kutunza historia ya kazi yako. Tangu mwaka 2005 kuko Git, chombo kilichoanzishwa na Linus Torvalds, ambacho kinaandika nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Karibu kila timu ya mainjenia inakitumia ao inatumia kinachofanana nacho. Ni bure, na kinafanya kazi bila intaneti: unaandika wiki nzima nyumbani, siku ukifika penye rezo unatuma vyote.

Kujua umeme na vyuma, si programu peke yake. Huku kwetu mashine itakufa kwa joto, kwa vumbi, kwa umeme unaoruka. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti za kuongoza magari barabarani, zinazotumia umeme wa jua, kazi ya kundi la Women's Technology linaloongozwa na injenia Thérèse Izay Kirongozi. Roboti ile si programu tu. Kuna aliyekata aluminiamu, kuna aliyepima umeme, kuna aliyefikiria itasimamaje kwenye mvua.

Kuandika na kueleza. Injenia anayeshindwa kumweleza mama wa sokoni kile anachojenga, hata mkubwa wa kampuni hatamwelewa.

Na lugha. Darasani tunasoma Kifaransa, lakini vitabu vingi vya programu viko kwa Kiingereza. Tangu mwezi wa 4 mwaka 2022 inchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili tulicholelewa nacho kitatusalimisha Nairobi na Dar es Salaam. Kuisoma mikataba na maelezo ya kazi, hapo tutahitaji Kiingereza. Tusione haya kuanza na kurasa mbili kwa siku.

Mutasema: «Ninyi munaongea Git na Python, mutu hana hata umeme wa kujaza telefone!» Ni kweli. Tunajua gharama ya mega, tunajua kupanda mlima kutafuta rezo. Lakini wandugu, hapa kwetu kazi kubwa imeshawahi kufanywa kwa karatasi na kalamu.

Kuanzia mwaka 1971 hapa Kasongo kulikuwa Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Dawa za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Wafanyakazi wa afya walifuata watoto mmoja mmoja: nani amezaliwa, nani amechanjwa surua, nani amekufa. Walilinganisha sehemu zilizopata chanjo na zile ambazo hazijapata. Mwaka 1981 matokeo yao yakachapishwa katika jarida The Lancet la London, na wataalamu wakabishana juu yake kwa miaka. Jina la mwandishi halikuwa la mtu mmoja. Waliandika tu: Timu ya Mradi wa Kasongo.

Hapo hapakuwa ordinatere mezani kwa kila mtu. Palikuwa na swali zuri, daftari zilizoandikwa kwa uaminifu, na timu. Hiyo ndiyo kazi ya data, ile ambayo leo kampuni zinalipia. Leo takwimu za afya za inchi yetu zinapita ndani ya DHIS2, programu huria iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona ilivyojengwa ndani. Mashirika mengi yanayofanya kazi mashariki mwa Kongo yanakusanya habari kwa KoboToolbox, ambayo inajaza fomu ndani ya telefone hata pasipo na intaneti. Mwanafunzi wa Kasongo anayezijua vizuri hizi mbili, pamoja na kupanga hifadhi ya data, iko na kitu cha kuonyesha kwa mwajiri kabla hata ya kuchukua diploma.

Na maswali ya kujengea hatukosi. Duka la dawa linaloishiwa bila kujua. Shirika la akina mama wa likelemba wanaogombana juu ya nani amelipa na nani bado. Bei za mchele na mafuta ya mawese sokoni Nyangwe na sokoni Kasongo, ambazo mkulima anazijua akiwa ameshafika na mzigo kichwani. Mwezi wa 1 mwaka 2008, wakati Kenya inawaka moto baada ya uchaguzi, vijana wachache walijenga kwa siku chache chombo cha kupokea habari za vurugu kwa SMS na intaneti na kuziweka kwenye ramani. Wakakiita Ushahidi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Kikatumika baadaye katika inchi nyingi. Walianza na shida iliyokuwa mlangoni.

Sasa tugeuke upande wa wakubwa.

Udongo wa Maniema uko na kasiterite. Kasiterite inatoa bati, na bati ndilo linalounganisha vipande vidogo ndani ya telefone na ordinatere, popote zinapotengenezwa. Sasa tunauliza: inawezekanaje mwanafunzi wa umeme katika jimbo hili amalize masomo bila hata siku moja kushika chuma cha kulehemu, wakati bati lenyewe linapita mbele ya mlango wake kwenye magunia?

Mwaka 2019 serkali ilitoa Mpango wa Taifa wa Numeriki, ikauita Upeo 2025. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Numeriki, tarehe 13 ya mwezi wa 3. Karatasi ni nzuri. Mwaka 2025 umefika, umepita. Kijana wa Nyangwe aulize kwa nani upeo ule ulifika wapi?

Kwa hiyo tunadai:

Kwa wakubwa wa vyuo: saa za pratiki zifanyike kwenye mashine, si kwenye ubao. Kama ordinatere ni chache, tuingie kwa zamu, hata usiku, tuko tayari. Chumba kimoja chenye umeme wa jua, chenye vitabu na video zilizohifadhiwa ndani ya seva ndogo bila kuhitaji intaneti, kitasaidia wengi kuliko silabusi mpya ya kuuzishwa.

Kwa serkali ya jimbo na wabunge wetu: mutuonyeshe ndani ya bajeti, kwa tarakimu, falanga ngapi zimepangwa kwa umeme na intaneti ya vyuo na shule za ufundi za Kasongo na Kabambare. Mutuonyeshe pia ngapi zimetoka kweli.

Kwa kampuni za simu, benki, migodi na mashirika yanayofanya kazi huku: nafasi za staji zitangazwe hadharani, zibandikwe mahali kila mtu anapita, na zilipwe angalau chakula na safari. Nafasi inayopitia kwa mjomba na shemeji ni wizi, hata kama hakuna falanga iliyotolewa.

Kwa wazazi: binti anayetaka kusoma umeme ao programu msimwambie hiyo ni kazi ya wanaume. Na jioni, mzigo wa maji na kuni usimuangukie yeye peke yake wakati kaka yake anakwenda kwenye kundi la masomo.

Na kwetu sisi wenyewe, hatutangoji majibu tukiwa tumeketi. Tunaomba kila mtaa, kila kijiji penye wanafunzi wawili watatu, waunde kundi. Ordinatere moja kwa watu watano inatosha kuanza. Mmoja anaandika, wanne wanatafuta kosa, kisha munabadilishana. Muchague shida moja ya jirani. Muimalize. Kitu kidogo kilichomalizika ni bora kuliko mradi mkubwa wenye jina la Kiingereza na picha nzuri, usiofanya kazi.

Kisha kuna jambo moja ambalo halihitaji mega wala ruhusa. Siku ya kutetea kazi za mwisho wa masomo, zile tunazoita TFC, mlango uko wazi kwa watu wote. Mwaka huu tutaingia. Tutakaa nyuma, kwa heshima, bila kelele. Na mwanafunzi akimaliza kueleza, kama tukipewa neno tutauliza swali moja tu: «Nani anakitumia?» Tutamuuliza mwanafunzi, na tutamuuliza vilevile mwalimu aliyemuongoza. Muliobakiza mwaka mmoja, mumejua swali mapema. Mutayarishe jibu.

Yule ndugu yetu wa farde ameshaanza. Anaandika, usiku, kibanda kikifungwa, programu ya kuhesabu mauzo yake ya mega na pesa za simu. Juzi jirani wa kibanda cha pili alimuomba amuwekee na yeye. Siku mbili baadaye akarudi analalamika: hesabu haikubali. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja. Alilitafuta mpaka akalipata.

Akiitwa tena mjini, ataenda na kitu.

Sisi vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Tuko macho.