Siku nane za safari: bibi asifike Dodoma akiwa wa mwisho



 Shule zinapokaribia kufungwa, maswali yanayoifikia ofisi ya kamati ya msikiti wetu huwa mengi ya safari. Wiki hii tumelichagua la baba mmoja wa Geita, mwenye hisa katika duara la dhahabu, ambaye amepata siku nane za kuitembeza familia yake. Ataondoka na mkewe, mama yake mzazi ambaye ni mtu mzima sana, na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitatu.

Anataka watoto waione bahari Dar es Salaam, wavuke hadi Zanzibar, kisha wamtembelee dada yao anayesoma Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Mwisho wa yote, bibi apelekwe Dodoma akaonane na mdogo wake, ambaye hawajatiana machoni kwa miaka kumi na mmoja. Katika mpango aliotuandikia, Dodoma imepewa alasiri moja na usiku mmoja. Anauliza wapande nini, waanzie wapi, na sala zao zitakuwaje njiani.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: Zanzibar iachwe kwa sasa, familia iende mbali kwa ndege na kurejea kwa treni na basi kwa vituo, na Dodoma ipewe siku nyingi kuliko mji mwingine wowote. Tutaeleza sababu zake moja baada ya nyingine.

Jambo la kwanza ni nia. Safari ya kutembea ni halali, na kuwafurahisha watoto kuna malipo yake kwa Mola. Lakini miongoni mwa hayo manne aliyoyataja, mawili ni ya kuunga undugu, na moja kati ya hayo mawili halina mwakani wa kuaminika. Bahari itakuwapo, na Unguja itakuwapo. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, umewasubiri wageni kwa zaidi ya miaka 900, nao unastahili safari yake peke yake. Wazee wawili wenye miaka zaidi ya sabini hawana muda wa namna hiyo. Ikiwa jambo lenye uzito zaidi ndilo lililowekwa mwishoni, basi kila kuchelewa kwa ndege, kwa boti au kwa mtoto mwenye homa kutalipwa na bibi.

Jambo la pili ni haki za watu. Wanaolifahamu duara wanajua kwamba fedha yake haina tarehe. Huja kwa mkupuo, na mkononi huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kabla ya tiketi kununuliwa, waliochimba na kubeba mifuko ya mawe wapewe mgao wao kamili, mwenye deni alipwe au aombwe muda kwa maneno ya wazi, na ada za shule za Januari ziwekwe pembeni. Aliyebakiwa na kitu baada ya hapo asafiri kwa raha. Asiyebakiwa na kitu asiende kukopa kwa riba ili watoto waone bahari. Amana za watu ziandikwe na zikabidhiwe, na wasia uachwe mahali panapojulikana, kwa kuwa msafiri hajui atakalolikuta.

Sasa tuje kwenye vyombo vya usafiri. Wengi hulinganisha ndege na treni kwa kuangalia saa za njiani tu. Hesabu iliyo sawa huanzia mlangoni mwa nyumba na kuishia mlangoni mwa mwenyeji. Ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam huruka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Lakini familia ya Geita itatoka nyumbani mapema, itakwenda kwa gari hadi Mwanza, itafika uwanjani saa mbili kabla ya kuruka, itasubiri mizigo Dar es Salaam, kisha itakabiliana na foleni ya kuingia mjini. Ni siku nzima imekwenda, na haifai kuipangia jambo jingine. Nafuu ipo: tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, limewaondolea wasafiri wa upande wetu kungojea kivuko.

Hata hivyo, kwa umbali huo ndege ina maana. Mzee akipelekwa kwa basi kutoka Geita hadi Dar es Salaam atafika akiwa hoi, na siku mbili za kwanza zitapotea katika kupumzika. Kwa safari fupi mambo hugeuka. Kati ya London na Paris, treni inayopita chini ya bahari hutumia saa mbili na dakika chache kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine, na ndiyo maana wengi huiacha ndege. Sisi nasi sasa tunayo hesabu kama hiyo. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na hadi Dodoma ni saa tatu na nusu hadi nne, kutegemea treni uliyopanda.

Huduma ilipoanza, nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa zilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili walipangiwa nusu ya nauli, na walio chini ya hapo bure. Bei ya siku ya safari iulizwe upya kabla ya kupanga bajeti. Kwenye ndege mambo ni tofauti: mtoto wa miaka mitatu hukatiwa kiti chake, kwa kuwa anayepakatwa ni aliye chini ya miaka miwili. Tiketi ya ndege ikatwe mapema, maana huwa ghali kadiri siku inavyokaribia.

Kosa la gharama kubwa katika safari ya miji mingi ni kununua ndege ya kwenda na kurudi Dar es Salaam. Aliyefika Dodoma akiwa na tiketi ya kurudia Dar es Salaam atalazimika kurudi mashariki ili aruke kuelekea magharibi. Dodoma tayari ni njia ya kurudi nyumbani. Kutoka hapo barabara inapita Singida, Igunga na Nzega. Wa Shinyanga huachana na wenzao Tinde, na wa Geita huendelea kupitia Kahama. Basi tiketi ya ndege iwe ya kwenda tu.

Kwa kufuata hayo, tunapendekeza mpango huu. Jumamosi familia isafiri Geita hadi Mwanza, na ndege ya mchana iwafikishe Dar es Salaam. Jumapili ni ya watoto na bahari, na asiye na nguvu za ufukweni apumzike kwa wenyeji. Jumatatu asubuhi wapande treni hadi Morogoro, na Jumanne yote iwe ya binti yao chuoni. Jumatano asubuhi wapande treni hadi Dodoma, mwendo wa saa mbili hivi, na bibi aingie kwa mdogo wake kabla ya Adhuhuri. Alhamisi na Ijumaa wasiende popote. Ijumaa wanaweza kuiswali katika Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 na ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini. Jumamosi waanze safari ya kurudi. Kwa hiyo ndugu hao wawili watapata masiku matatu chini ya paa moja, badala ya usiku mmoja wa kuaga.

Kuhusu siku hiyo ya kurudi tuna neno. Kutoka Dodoma hadi Geita kwa basi ni kukaa kitini kutwa, na magoti ya mzee hayastahimili. Ikiwa kuna jamaa Nzega au Kahama, walale huko na kumaliza Jumapili. Ikiwa siku hazitoshi, ipunguzwe siku ya Dar es Salaam, isiguswe ya Dodoma. Tunatarajia uzito huu utapungua. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, linalopita Shinyanga, lilikamilika 1928 wakati wa Waingereza. Kwa reli mpya, jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021. Siku itakapounganishwa yote, mzee wa Shinyanga atapanda karibu na kwake na kushuka Dodoma bila kubadilisha chombo.

Kuhusu sala, tunaeleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu. Ruhusa ya kupunguza sala katika safari imetajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 101. Umbali wa safari ya kupunguza ni kilomita themanini na kitu, nao wameuvuka. Ruhusa huanza wakishaacha majengo ya mji wao. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu, na Alfajiri hubaki mbili. Inafaa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Alfajiri haikusanywi na sala yoyote.

Anayenuia kukaa katika mji mmoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu anapofika. Katika mpango wetu, Dar es Salaam na Morogoro zina siku kamili moja moja, na Dodoma mbili, hivyo ruhusa yao inaendelea. Lakini atakayeswali nyuma ya imamu mkaazi amalize rakaa nne pamoja naye. Swala ya Ijumaa haimlazimu msafiri, ila akihudhuria na kuiswali inamtosheleza kwa Adhuhuri.

Kwa vitendo, siku ya ndege ya mchana waswali Adhuhuri na Alasiri pamoja Mwanza kabla ya kupanda, wakati wa Adhuhuri ukishaingia. Treni za asubuhi hazitawasumbua. Tahadhari iwe kwenye basi la Dodoma: wachague linaloondoka baada ya Alfajiri, ili wasianze kubishana na dereva gizani. Kuhusu kibla, Geita huelekea kaskazini ukiegemea mashariki kidogo, na Dar es Salaam ni karibu kaskazini kabisa. Aliyezoea uelekeo wa nyumbani aulize wenyeji kabla ya kutandika mswala.

Yamebaki madogo yenye faida. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Baba awe amiri, lakini mizani ya mwendo iwe hali ya bibi. Vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae katika mkoba mmoja. Dawa za bibi ziwe mkononi, zisiingie katika mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege. Uzito wa mizigo unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi, na zawadi ya mchele wa Kahama ipimwe nyumbani, isije kulipiwa uwanjani kwa bei inayozidi mchele wenyewe. Wenyeji wa kila mji wapigiwe simu mapema, kwa kuwa mgeni wa ghafla akiwa na watu watano ni mtihani hata kwa mkarimu.

Tena imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba msafiri akishamaliza haja yake aharakishe kurejea kwa watu wake. Basi siku ya tisa isiongezwe kwa sababu tu fedha bado ipo. Ndugu muulizaji, kabla hujakata tiketi yoyote, mpigie simu mama yako mdogo wa Dodoma umuulize ni siku zipi zinamfaa, kisha uzipange nyingine kuzizunguka hizo. Mwenye hali tofauti na hii atufikie ofisini baada ya Alasiri, au amuulize sheikh wa msikiti wake.

Wabillahi tawfiq.