Sumu Tunayoitafuta kwa Jirani

Katika milima yetu ya Kabare na Walungu, mtu akikonda au mikono yake ikianza kutetemeka, neno la kwanza kutamkwa ni karuho. Hutafutwa jirani, hutafutwa mjane, na yule asiye na mtetezi ndiye hubebeshwa lawama. Twasema wazi: huo ni uongo wenye dhambi mbili. Wamtesa asiye na kosa, tena waificha sumu ya kweli, ile tuliyoinunua kwa fedha zetu na kuibeba mgongoni ndani ya pompa.

Dawa nyingi za kuua wadudu ni za jamii ya organofosfati. Hizo huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu, hata mishipa ikakosa kutulia, na mdudu akafa. Mwanadamu naye ana kimeng'enya hicho hicho. Ndiyo sababu mpulizaji hutokwa mate na machozi, hutetemeka, na akizidiwa hushindwa kupumua.

Hayo ni ya siku moja. Kuna na ya miaka mingi: uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba waliozoea dawa za shamba hupatwa zaidi na Parkinson, ugonjwa unaoua polepole chembe za ubongo zinazoongoza mwendo. Mwaka 2012 Ufaransa iliutambua kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia dawa hizo. Parakwati, dawa ya kuua magugu, ilikatazwa Uswisi mwaka 1989 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Hata hivyo Ulaya iliendelea kuitengeneza na kuiuza ng'ambo. Je, ubongo wetu ni wa thamani ndogo kuliko wao?

Hatusemi kwamba kila mtetemeko umetoka katika pompa. Uzee na maradhi mengine yapo. Twasema kwamba mgonjwa apelekwe kwa daktari, naye aulizwe amepulizia nini, badala ya kuulizwa amekula kwa nani.

Mtatujibu: bila dawa nyanya huoza, na watoto watakula nini? Jibu hilo tulilitumia sisi wenyewe. Sisi walimu tuliwatuma wanafunzi kuchota maji ya kuchanganyia dawa katika shamba la shule, nao walikoroga kwa mikono mitupu. Hakuna mchawi aliyetuamuru. Tunatubu, na toba huonekana kwa matendo.

Basi, chupa isiyo na maandishi ya kiwandani tusiinunue. Dawa tusiihamishie katika chupa ya soda. Bidoni yake isichote tena maji ya kunywa. Mtoto na mama mjamzito wasikaribie pompa. Mpulizaji avae glavu na buti, asisimame upepo unakoelekea, aoge kabla ya kumpakata mtoto.

Amri ya tano yatukataza kuua. Haikusema kwamba kuua polepole kumeruhusiwa.