Tuzungumzie na ruzuku

Mwandishi wa makala ya shule za msingi, umegusa penyewe, ila ruzuku ya shule umeiruka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, wakati huo karibu Sh10,000. Januari 2016 michango ya wazazi ikafutwa, watoto wakafurika, ruzuku ikabaki Sh10,000 ileile. Tena Sh4,000 hukatwa ya vitabu. Shuleni zinafika Sh6,000 za chaki, karatasi, mitihani na ukarabati.

Kufuta michango naunga mkono kabisa. Hapa Msamvu, Morogoro, kuna akina mama wauza matunda stendi ambao wasingeimudu. Lakini daftari la hisabati la mwanangu wa darasa la nne lina kurasa nzima zisizosahihishwa, na kwa watoto walivyofurika, mwalimu simlaumu. Wabunge wetu wa Morogoro, pandisheni hiyo ruzuku!