Kiswahili Hakishindwi na Fizikia

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia ya kisasa. Dai hili halina mashiko. Mwaka 2014, mjini Innsbruck, Austria, watafiti walipoza atomi za erbiamu hadi karibu na sifuri halisi, wakazinasa kwa miale ya leza. Atomi hizo ni fermioni: kama abiria wapandao treni Voi, kila moja ina kiti chake. Aidha, kila moja ni sumaku ndogo. Zikifuatana huvutana, zikikaa ubavu kwa ubavu husukumana. Kwa sababu hiyo mgawanyo wa mwendo wake, badala ya kuviringana kama mpira, ulirefuka kidogo kama yai. Mwanafunzi wa Taita Taveta ashindwe kuelewa nini hapo? Kinachokosekana si msamiati, bali mwanafizikia na mwanaisimu walio tayari kuketi pamoja. Vyama vya Kiswahili vyuoni viwakutanishe.